Chupa ya Kuamshia Gari

Tulipomzika Fundi Ochwo mwezi uliopita, nyumbani kwake Mukuju, wasemaji walikuwa wengi na kipaza sauti kilikuwa kibovu, lakini jambo moja nililisikia vizuri kwa sababu kila mmoja alilirudia: kwamba marehemu ndiye aliyeyafundisha magari ya Tororo kunywa waragi. Watu walicheka, kama watu wanavyocheka matangani wakichoka kulia. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Petroli ilipotea, sisi wote tunatembea na mguu, lakini huyu mzee aliwasha gari na pombe ya wamama!" Makofi. Nilikuwa nimekaa chini ya hema la wanawake na sahani ya wali mapajani, nikamtafuta mume wangu Okoth kwa macho huko upande wa wanaume. Alikuwa ameinama, anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyetaja baridi. Hakuna aliyetaja chupa. Marehemu hasemwi vibaya, najua, na Ochwo hakuwa mtu mbaya. Lakini wali ulinishinda, na tangu siku hiyo mwaka ule umerudi kukaa nami jikoni kama mgeni asiyejua kuaga.

Niliuanza mwaka huo nikiwa na mimba changa na chumba kimoja. Chumba kilikuwa nyuma ya gereji ya Ochwo, upande wa mji unaopokea vumbi la saruji, kiasi kwamba hata majani ya mgomba uani yalikuwa ya kijivu, na kanga niliyoianika asubuhi niliikung'uta jioni kama ya mtu aliyetoka kusaga unga. Mlangoni nilikaanga mandazi kwenye sigiri ya makaa na kuwauzia madereva. Siku za jua niliuona Mwamba wa Tororo wote kutoka pale. Siku za ukungu sikuona hata choo. Okoth ni Japadhola wa Mukuju, mimi ni Msamia wa Busia. Tulichumbiana kwa Kiswahili cha mpakani, tukagombana kwa hicho hicho, na aliyetaka kumtukana mwenzake bila kueleweka alirudi kwenye lugha ya mama yake. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, na kitanda chetu kilikuwa kifupi kuliko mume wangu. Sikujiona maskini. Nilijiona nimeolewa.

Ndipo petroli ikaadimika. Malori yalikwama upande wa Kenya, na ile iliyovuka kwa njia za panya ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa hadi magari yakawa yanakohoa barabarani. Okoth alikuwa na gari dogo la zamani, jeupe lililogeuka kahawia, la kuwachukulia wachuuzi samaki kutoka Busia. Gari lisipotembea hatuli. Habari ilikuwa fupi hivyo. Ochwo akaanza mambo yake. Alifungua kabureta akapanua kitundu cha kupitishia mafuta, kwa sababu waragi lazima iingie nyingi kuliko petroli ndipo injini ipate nguvu ile ile. Akasogeza na cheche ipige mapema kidogo. Kisha akamimina tangini waragi kali iliyorudiwa kupikwa na akina mama wa Busia mpaka ikawa inawaka kwenye kijiko. Gari likaenda, tena likaenda vizuri. Moshi wake ulinuka kilabu, na walevi wa mtaa wakawa wanalifuata nyuma wakivuta pumzi na kumwambia Okoth, "Wewe dereva, gari yako imelewa, shuka sisi tuendeshe!"

Lakini waragi haipendi baridi. Watu wa milimani hutucheka tukisema Tororo kuna baridi, na wana haki yao. Ila mwezi wa saba, mvua ikinyesha usiku kucha na ukungu ukaufunika Mwamba, baridi ile ilitosha. Ukutani mwangu nilimsikia Ochwo kila alfajiri akiwaeleza madereva kama mwalimu wa darasa la watoto wazito. "Petroli hata kwa baridi inatoa mvuke, cheche inashika. Waragi kwa baridi inalala chini kama maji. Unapiga stata, unapiga, inalowesha plagi tu. Halafu betri inakufa na wewe unalia." Walizifungua plagi na kuja kuzikausha kwenye sigiri yangu, kando ya mandazi, nami niliwafukuza kwa mwiko. Mwanzoni waliliamsha gari kwa kifuniko kimoja cha petroli, kilichomiminwa mdomoni mwa kabureta. Likishawaka na kupata joto, waragi ilifanya kazi yake bila matata. Petroli ilipokosekana hata ya kifuniko, Ochwo akapata kitu kingine.

Ilikuwa spiriti ya maseremala, ile wanayochanganyia vanishi ya viti. Nyeupe kama maji, ilivuka mpaka kwenye madumu yasiyo na maandishi. Hiyo ilishika moto hata asubuhi ya ukungu. Ochwo akaigawa kwenye vichupa vya waragi vilivyokwisha, kila dereva chake, na onyo juu: "Hii ni ya gari. Mtu akionja, macho yake inazima." Walisikia wote, nami nilisikia kupitia ukutani. Kisha wakagundua wenyewe kwamba ikiwa na joto kidogo huamsha haraka zaidi, basi kila mmoja akawa anakivisha kichupa chake. Okoth alikifunga kwenye sweta yangu ya shule, mikono ya sweta akaizungusha na kuifunga fundo, akakilaza chini ya kiti cha nyuma. Nilimtania kwamba mke wake wa pili anavaa vizuri kuliko wa kwanza. Alfajiri alikifungua kwa uangalifu, akamimina, akaita, "Amka, mama," na gari likaamka.

Mtoto alizaliwa katika baridi hiyo, mvulana, mzito. Okoth akafanya jambo ambalo hadi leo likinijia nampenda upya: alimtuma mjomba wangu kwa baba yangu, Mzee Ojambo, kumwomba aje yeye mwenyewe kumpa mjukuu jina. Si kawaida, mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na jina lingeweza kutoka Mukuju bila mtu wa Busia kuulizwa. Ilikuwa heshima kubwa, na baba alikuja amevaa koti, jogoo kwapani. Alifika jua limekwisha zama. Nikawasha taa, nikampa mtoto. Alimshika muda mrefu, akamgeuzageuza, kisha akanirudishia.

"Sitoi jina kwa mtoto niliyemwona kwa taa," alisema. "Kesho jua likimpiga usoni, nitajua ni nani."

"Baba, si utupe tu leo? Tumengoja sana."

"Jina nimekuja nalo, Nabwire. Sitarudi nalo."

Nilimpikia kalo, ugali wa wimbi, na samaki wa moshi kwenye mchuzi wa karanga. Alikula barazani, kwenye kiti pekee tulichokuwa nacho. Okoth alikula gerejini na mafundi, kwa sababu mkwe hatafuni mbele ya baba mkwe. Hawakuwa wamewahi kusemezana uso kwa uso. Salamu zilipitia kwangu, kama maji yanavyopita kwenye mfereji: "Mwambie mkwe nimemsalimu." "Mwambie Mzee karibu." Baba alikuwa mtu wa utani, ila utani wake nao ulipita kwangu. Alipomaliza kula alitazama kikombe chake akaniuliza, "Huyu mume wako ameokoka? Naona chai peke yake."

"Hapana, Baba. Waragi yote gari inakunywa."

Alicheka mpaka akakohoa. Huko gerejini Okoth alisikia, na najua aliona haya. Kwetu mkwe mwenye adabu hamtilii baba mkwe pombe mkononi. Huiacha mahali mgeni atakapolala, imefunikwa, na asubuhi hakuna anayeulizana. Okoth alikuwa ametuma mtu Busia kuleta chupa nzuri, na mtu yule hakurudi.

Sasa, baba halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa. Chini ya dari moja na binti na mkwe, hapana. Huo ni mwiko, na wa chumba kimoja ndio mwiko zaidi. Nyumba za wageni zilikuwa huko mjini, naye alisema hatoki kumwacha mjukuu mtaa mwingine. Tukamtandikia garini, kiti cha nyuma, uani, hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu. Alifurahi kama mtoto. Alisema hajawahi kulala kwenye nyumba yenye magurudumu. Nilimpa blanketi letu, nikamfungia mlango.

Tulipolala Okoth akasema, "Chupa iko mle."

"Ya gari?"

"Chini ya kiti. Siwezi kwenda kufungulia mzee mlango, labda amevua nguo."

"Baba hagusi kitu cha mtu," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Nimeishi miaka mingi na ukweli huo. Baba yangu hakuwahi kugusa kitu cha mtu maisha yake yote, na usiku ule pia hakugusa. Baridi ilimbana, akapapasa chini akitafuta pa kuweka viatu, mkono ukakuta kitu kimefungwa kwa sweta, kwa fundo, kwa uangalifu. Akajua mkwe wake amemkumbuka. Angeweza kufikiri nini kingine? Angekiacha bila kunywa, angekuwa amemtukana mwenye nyumba.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, lakini kulikuwa kweupe, weupe ule wa maziwa ambao huwezi kujua jua liko upande gani. Nilimfunga mtoto shali nikaenda garini. Okoth alisimama mbali, karibu na mgomba, akasafisha koo mara mbili ili mzee ajue kuna watu. Nilifungua mlango. Harufu ya matapishi ilinipiga. Baba alikuwa amekaa wima, amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa, na kwa blanketi alikuwa amefunika uchafu pale chini ili tusiuone. Alikuwa anahema haraka kama mtu aliyepanda Mwamba.

"Umekuja na mtoto?"

"Nimekuja naye, Baba. Unaumwa?"

"Tumbo kidogo tu. Mtoe nje, nimwone kwa mwanga."

"Tuko nje, Baba."

Alinyoosha mkono mahali ambapo hatukuwepo. "Basi ukungu wenu wa Tororo ni mkali," alisema. "Mimi naona nyeupe tu. Hata wewe sikuoni."

Nilipiga kelele. Okoth akasahau ukwe, akaja mbio, akaruka kwenye usukani apige gari twende hospitali. Stata ikazunguka, ikazunguka, injini haikujibu. Nje ilikuwa baridi ya kuuma vidole. "Chupa, Nabwire! Leta chupa!" Niliinama nikapapasa chini ya kiti, na sikuipata pale. Sweta yangu ilikuwa juu ya kiti, imekunjwa vizuri, mikono ndani. Juu yake chupa ilikuwa imesimama, kifuniko kimefungwa. Tupu.

Baba alisikia jina la chupa, akageuza uso kuelekea usukani. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza alimsemesha mume wangu mwenyewe, bila kupitia kwangu. "Mkwe," alisema, "asante. Nimemaliza. Usiku ulikuwa na baridi na wewe ulinikumbuka."

Sitasahau sura ya Okoth. Aligeuza ufunguo tena, na tena, na tena, mpaka stata ikawa inanung'unika, kisha ikabaki kutoa mlio mdogo, kisha hata mlio ukaisha. Watu wakatoka vyumbani, wakalisukuma gari hadi lango na kurudi. Waragi baridi ilizidi kulowesha plagi. Ochwo alifika akiwa na suruali ya kulalia. Alitazama chupa iliyokuwa mkononi mwangu, akamtazama mzee ndani. Halafu akafungua plagi na kuzikimbiza kwenye sigiri yangu. Siku hiyo sikumfukuza. Nilipepea makaa kwa sinia, mtoto akilia mgongoni, na nikawa naziomba zile plagi kwa sauti kama mtu anayeomba watakatifu. Gari halikuwaka. Kulikuwa na magari mengine matatu uani, yote ya waragi, na madereva wake walikuwa wamevimaliza vichupa vyao wiki hiyo wakimngoja Ochwo alete dumu jipya.

Tulimpeleka kwa boda boda, iliyochelewa kupatikana kwa sababu nazo zilikuwa hazina mafuta. Baba aliketi katikati, Okoth nyuma yake amemkumbatia asianguke, mkwe amemshika baba mkwe kifuani, jambo ambalo siku nyingine yoyote lingewatia aibu wote wawili hadi kufa. Mimi nilifuata kwa miguu, nikikimbia na mtoto.

Daktari alikuwa mama kijana, mchovu. Aliuliza amekunywa nini, lini, na kiasi gani, akaandika, akaagiza maji ya mshipa. Kisha alitutoa nje kwenye korido akatueleza kwa upole, na mimi nilitamani angetueleza kwa ukali. Alisema spiriti ile si sumu papo hapo. Mwili wenyewe ndio unaoigeuza sumu, taratibu, saa kwa saa. Ukimwahi mgonjwa, unaweza kuuzuia mwili usiigeuze.

"Kwa dawa gani?" Okoth akauliza.

"Dawa zipo, sisi hapa hatuna. Lakini hata pombe safi ya kawaida, tukimpa sisi kwa kipimo, inauchelewesha mwili. Nimeanza nayo sasa. Tatizo mmechelewa. Macho yameshaguswa, na damu imeshachachuka."

"Pombe ya kawaida," Okoth alisema. "Kama waragi?"

"Kama waragi."

Dirisha la korido lilitazama lango. Jua lilikuwa limepanda, ukungu umekwisha, Mwamba unaonekana wote na kila ufa wake. Na pale langoni tukaliona gari letu likiingia. Ochwo alikuwa anaendesha. Lilipopata joto la jua liliwaka kwa kusukumwa kidogo tu, alituambia baadaye, lilikataa tulipolihitaji na likakubali lilipojisikia. Lilisimama likiunguruma vizuri, tangi limejaa waragi hadi mdomoni. Baba yangu alikuwa amelala juu ya dawa yake usiku kucha. Okoth alilitazama, akakaa sakafuni amejishika kichwa. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, hasira tupu, na sikujua niielekeze wapi. Kwa Ochwo? Kwa baridi? Kwa adabu yetu nzuri ambayo ilimzuia mmoja kugonga mlango na mwingine kuuliza? Heshima si utumwa, wazee husema. Labda. Mimi nimeona ikiua mtu, tena bila mtu hata mmoja kukosa adabu.

Baba aliishi siku chache, na akili yake ikija na kuondoka kama redio ya betri chovu. Hatukumwambia chupa ile ilikuwa ya nini. Daktari alisema si lazima, na Okoth alisema afadhali afe yeye. Okoth alikaa nje ya wodi chini ya dirisha, mahali ambapo aliweza kusikia bila kuonekana, akarudi kuwa mkwe. Asubuhi ya mwisho baba aliniomba mtoto. Nilimlaza kifuani pake. Alimpitisha vidole usoni, paji, pua, kidevu, akarudia tena.

"Mpe jina, Baba," nikasema.

"Jua limetoka?"

Lilikuwa limetoka. Lilikuwa limejaa kitandani, limemwangukia mtoto machoni hadi anakunja uso. Nilimwambia limetoka.

"Bado," alisema. "Mimi bado silioni. Tungoje litoke." Kisha akaongeza: "Umwambie mkwe, ile pombe yake ilikuwa kali, lakini ilikuwa ya moyo."

Chini ya dirisha nilisikia mtu anajiziba mdomo.

Ochwo aliyarudisha magari yote kwenye petroli ilipopatikana, na hakugusa spiriti tena. Hilo nalo hakuna aliyelisema matangani kwake. Okoth aliliuza gari, akaenda Mukuju kufyatua matofali, na mpaka leo hanywi kitu chochote chenye kifuniko bila kukinusa kwanza, hata soda. Tumekaa pamoja. Watu huniuliza tuliwezaje, sijui. Labda kwa sababu kila mmoja wetu alijua mwenzake anasikia nini gari likikataa kuwaka asubuhi mahali popote.

Tulimzika baba Busia, kwenye mvua nyepesi. Baada ya kaburi kufukiwa, mtoto akaanza kulia, kilio cha kukatika pumzi, akakataa titi, akakataa maji. Senge, dada yake baba, akamchukua. Kwetu mtoto huitwa kwa majina ya waliokufa, kwa kuwa aliye hai bado analitumia lake. Na mtoto anayelia hivyo huitiwa wafu mmoja mmoja mpaka anyamaze. Senge akasimama mlangoni mwa nyumba ya marehemu, akaanza. Akamwita kwa babu wa Mukuju, babu yake Okoth. Mtoto akalia. Akamwita kwa mjomba aliyezama mtoni. Akalia. Akataja wengine, wa pande zote mbili, hadi sauti yake mwenyewe ikaanza kukwama. Mvua ikakatika, mwanga ukatokea kidogo upande wa ziwa, ukamgonga mtoto usoni. Senge akatazama lile kaburi bichi, akasema kwa sauti ndogo, "Ojambo."

Mtoto akanyamaza. Okoth, aliyekuwa amesimama mbali kama mkwe anavyopaswa, akapiga magoti matopeni.

Baba alikuwa ameniambia jina amekuja nalo na hatarudi nalo. Hakurudi nalo.